Kabla hujamlipa wakala wa kubebewa mimba

Anza na pesa. Uliza fedha za mama atakayekubebea mimba zinawekwa wapi. Jibu zuri ni akaunti ya amana iliyo mikononi mwa mtu wa tatu, si akaunti ya wakala mwenyewe. Wakala akifilisika mimba ikiwa na miezi mitano, kliniki haitalipwa, na anayeumia kwanza ni yule mama.

Kisha uliza kuhusu mwanasheria. Mama awe na wake, si yule yule wa wazazi wanaobebewa mimba, na mkataba usainiwe kabla hajameza kidonge cha kwanza cha kumwandaa kubeba mimba. Umpe haki ya kuamua juu ya mwili wake, na utaje bima ya afya hadi baada ya kujifungua.

Wakala makini hukubali tu mwanamke aliyewahi kuzaa salama. Akikushawishi upandikize viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) viwili "ili upate pacha", ondoka. Mapacha huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati, kutokwa damu nyingi na kifafa cha mimba. Kiinitete kimoja kinatosha.

Mama anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya kupandikizwa. Presha ikifika 140/90, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kibali cha wakala. Akishajifungua maziwa yatamjaa bila mtoto wa kunyonya: atahitaji sidiria inayoshika vizuri bila kubana sana, kitambaa baridi, na mtu wa kumsikiliza kwa wiki kadhaa. Hayo nayo yaandikwe kwenye mkataba.