Vyungu kumi na nane: kumbukumbu ya mradi wangu wa kujenga mifano midogo ya kazi za Francis Kéré

Wiki ya kwanza hadi ya tatu

Nimeanza na jengo lililomtambulisha msanifu majengo huyu, Shule ya Msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Kéré aliichora akiwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin, akachangisha fedha mwenyewe ili kijiji alichozaliwa 1965 kipate shule. Yeye alipokuwa mtoto hapakuwa na shule pale, akapelekwa mjini akiwa na miaka saba. Ujerumani alikwenda 1985 kwa ufadhili wa kusomea useremala. Mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Najenga darasa moja tu kati ya yale matatu, kwa skeli ya 1:20 (sentimita moja yangu ni ishirini za jengo lenyewe), na kwa udongo halisi. Kadibodi nimeikataa tangu mwanzo. Kazi za huyu bwana ukizitoa udongo umezitoa roho.

Matofali ya kwanza yote yalipasuka. Udongo wa mfinyanzi ulizidi, halafu nikayaanika juani. Safari ya pili nimechekecha mchanga, nikatia saruji kidogo (Gando nao walichanganya saruji kwenye udongo wao), nikayaacha kivulini siku tano. Yamekauka bila ufa. Kila tofali lina urefu wa kucha ya kidole gumba, na nikiligonga kwa kijiti linalia kama kigae.

Wiki ya tano

Kuta zimesimama. Sasa paa, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nimeipenda kazi hii miaka yote.

Sote tumesoma kwenye madarasa ya mabati yaliyopigiliwa moja kwa moja juu ya ukuta. Saa saba mchana mwalimu anaongea na hakuna anayemsikia, jasho tu. Bati lenyewe halina kosa, kosa ni mahali lilipowekwa. Kéré hakulikataa: alilinyanyua juu, akaweka chini yake dari ya matofali yenye matundu, na kati yake akaacha upepo upite. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya chini inaingilia madirishani. Paa pia limejitokeza nje mbali ili mvua isifike kwenye kuta za udongo.

Kenchi zake ni za nondo za kawaida, kwa sababu pale hakukuwa na winchi ya kunyanyua vyuma vizito. Wanakijiji walifundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Kenchi zangu ni za waya wa kufungia nondo, nimeziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Usiku wa tatu ndipo zilipokaa sawa.

Wiki ya saba

Maktaba ya Gando. Sijengi jengo zima, nataka kipande cha dari tu, kwa skeli ya 1:10. Kule wanawake wa kijiji walileta vyungu vya kienyeji, vikakatwa, vikapangwa na kumiminiwa zege. Matundu yaliyobaki ndiyo yanayoleta mwanga na kutoa joto.

Nikaenda kwa mama mmoja mfinyanzi anayeuza sokoni.

"Shikamoo mama. Naomba vyungu kumi na nane, ukubwa wa limau."

"Marahaba mwanangu. Vya dawa?"

"Hapana mama, vya kujengea. Nitavikata chini."

Akanitazama. "Chungu kilichochomwa ukikikata kitapasuka mkononi. Nitavikata mimi vikiwa vibichi, kwa uzi."

Alivikata kweli kwa uzi, vikiwa vimekauka nusu, na kingo zake hazina hata mkwaruzo.

Wiki ya tisa

Dari imekauka. Nimeitoa uani saa saba mchana, nikaiegemeza juu ya matofali manne, nikawasha ubani chini yake. Juu nikaweka kipande cha bati, nikakipandisha kwa vijiti kiasi cha vidole vinne. Moshi ulisitasita, kisha bati lilipopata moto ukaanza kupanda kwenye midomo ya vyungu na kutokea pembeni. Nikaliteremsha bati likalalia vyungu. Moshi ukatuama chini, ukanirudia usoni. Nimerudia mara nne, matokeo yale yale.

Zinazofuata

Sekondari ya Lycée Schorge, Koudougou, ya 2016, ina pazia la fito za mikaratusi kuzunguka madarasa. Fito nimekwisha kata, zinakauka. Banda alilojenga London 2017, kwenye jumba la sanaa la Serpentine, nitaliacha kwa sasa ingawa ni zuri: wazo lake ni mti ambao watu wa Gando hukutanikia chini yake. Ninakotamani kufika ni Turkana, Kenya, kando ya ziwa, kwenye kampasi ya Startup Lions ya 2021, ya kuwafundisha vijana teknolojia ya habari. Minara yake mirefu ya kutolea hewa ya moto imechukuliwa kwenye vichuguu vya mchwa vya kule kule. Vichuguu kama hivyo tunavipita kila siku shambani.

Jumamosi nilimpelekea yule mama ile dari aione, pamoja na bati lake. Tuliiweka juani pembeni ya meza yake. Akaweka kiganja juu ya mdomo wa chungu kimoja, akakiacha pale kitambo.

"Bado unataka vingapi?" akauliza.