Lisbon bila ratiba, halafu feri ya kwenda ng'ambo

Kama mnapanga kwenda Lisbon na mabegi mgongoni, achaneni na foleni ya tramu namba 28. Ndio najua, ni ile ya njano ya kwenye kila picha, inapanda vilima karibu ikwaruze kuta za nyumba, lakini tulipofika Martim Moniz asubuhi foleni ilishazunguka kona na jua linachoma, rafiki yetu wa Tanga akasema mi sikuja Ulaya kupanga foleni, tutembeeni bana. Basi tukatembea.

Sasa kutembea mji ule nako si mchezo. Njia zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vizuri kweli kwa macho, ila vimesuguliwa na miguu ya watu mpaka vinateleza hata bila mvua, na mji wenyewe ni kupanda na kushuka tu. Alfama ni vichochoro, nguo zimeanikwa madirishani, bibi kakaa kizingitini anakuangalia unavyohema. Mtaa huu kwa sehemu kubwa uliponea lile tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, wakati Baixa, mtaa wa pale chini bondeni, ilianguka, ikaungua na kupigwa na mawimbi ya bahari, ndo maana ukishuka Baixa unakuta barabara zimenyooka kwa rula, Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, aliijenga upya. Kwa mtoto wa Mji wa Kale Mombasa kama mimi Alfama haina shida, vichochoro navijua, aliyepotea ni wa Nairobi aliyekuwa ameshika ramani kwenye simu. Pale Portas do Sol, uwanja wa juu wa kuangalia mandhari, tukakaa tu, mkate na jibini, tunaangalia mapaa mekundu na mto Tagus, hakuna aliyeuliza saa.

Mchana tukadandia tramu 15 mpaka Belém, mtaa wa kando ya mto. Kadi ya usafiri ni moja tu, unaijaza hela inafanya kazi kwenye metro, tramu na feri. Kule kuna duka linauza vile vikeki vya kastadi tangu 1837, na hii foleni sasa nilipanga bila kulalamika maana inakwenda haraka. Ganda linapasuka tabaka tabaka, ndani kastadi bado ya moto, juu imeungua madoa meusi, unanyunyizia mdalasini na sukari ya unga. Nilikula mpaka wenzangu wakaacha kuhesabu.

Halafu tukaingia kanisa la Jerónimos, hapo kidogo nikanyamaza. Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango, jiwe jeupe, mwenyewe kachongwa amelala mikono imekutana kifuani kama anaomba, na ubavuni pametiwa chombo cha matanga. Alifia Cochin, India, 1524, mifupa ikaja kuletwa Ureno, na hapo kanisani iliwekwa 1880. Sisi shuleni tulikariri kwamba 1498 alifika Mombasa mambo yakaharibika akaenda Malindi akapokewa vizuri, nguzo yake ipo mpaka leo. Ila hili jengo lilianzwa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1500, kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara iliyotoka Afrika na Mashariki, na 1505 meli za Mreno Francisco de Almeida zikapora Kilwa kisha zikaichoma Mombasa. Nguzo zake zinapanda mpaka dari zimechongwa mpaka unachoka kuangalia, ni nzuri sibishi, lakini mi nilikuwa nafikiria nani alilipia. Wa Nairobi akaninong'oneza, sasa wewe umekuja kumsalimia ama kumdai?

Jioni ndo ilikuwa bora kuliko yote na haikuwa kwenye mpango wowote. Pale Cais do Sodré kuna feri ya kwenda Cacilhas, kama dakika kumi hivi umefika, watu wanatoka kazini, mikoba ya sokoni, wengine wamesinzia, mtu wa Likoni angejiona nyumbani kabisa isipokuwa hapa unalipa. Daraja la 25 de Abril liko upande wako, lilifunguliwa 1966 likiitwa la Salazar, dikteta wa Ureno, jina likabadilishwa baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, na magari yakipita juu linavuma kama mzinga wa nyuki, unalisikia mbali sana. Ng'ambo pale kuna meli ya kivita ya zamani ya matanga, Dom Fernando II e Glória, iliundwa Daman huko India kwa mbao za msaji ikashushwa majini 1843. Tuliitazama kwa nje tu, miguu ilishagoma.

Tukarudi mpaka Largo de São Domingos karibu na Rossio, uwanja ambao Waafrika wengi hukutana, hasa wa Guinea-Bissau, kinamama wanauza karanga, watu wanapiga soga. Tulikuwa tunabishana kwa sauti wapi tule, mzee mmoja akatugeukia na kutujibu kwa Kiswahili! Kumbe ni wa Pemba, ile ya Msumbiji, kwao wanazungumza Kimwani, na Kiswahili anakijua vizuri tu. Akatuonyesha kwa kidole kichochoro chenye kuku wa kuchoma. Kuku alikuwa mkali kwa pilipili, wa Tanga akaagiza mwingine, na nauli ya basi la kwenda mji wa Porto, safari yetu iliyofuata, ikaanza kupungua pale pale mezani.