Jinsi nilivyotatua sauti iliyokwaruza kwenye kifaa cha kurekodia cha USB

Hapa Jinja, kila nilipoirekodi kwaya yetu, sauti ilikwaruza na kukatikakatika. Nilibadilisha waya, kisha nikasakinisha draiva mpya (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) mara tatu, bila mafanikio. Kumbe draiva ya zamani ilibaki chini yake.

Nilifungua orodha ya vifaa katika Windows, nikakiondoa kifaa huku nikiweka alama kwenye kisanduku kidogo cha kufuta pia draiva yake, ambacho awali nilikipita bila kukisoma. Nikachomoa waya, nikawasha kompyuta upya, nikasakinisha draiva ya mtengenezaji waya ukiwa bado nje, kwa kuwa Windows 10, tangu 2017, ina draiva yake ya jumla ambayo ingekiwahi kifaa. Nilichomeka pale tu programu iliponiagiza. Jioni hiyo sauti ya nne ilisikika safi kabisa.