Mwalimu mmoja, majina kibao

Jana nimekwama nusu saa kwenye wasifu wangu wa kazi, ninaouandika kwa Kiingereza, kwa sababu ya neno moja tu: mwalimu. Ninafundisha watu wazima kompyuta, jioni, darasa la watu wanane. "Teacher"? Msomaji ataona watoto na sare. "Tutor" ni wa mwanafunzi mmoja au kikundi kidogo. "Lecturer" ni wa chuo kikuu. Halafu, sijui shetani gani alinipitia, nikaandika "professor"! Marekani wanafunzi humwita hivyo karibu kila anayewafundisha chuoni, lakini Uingereza hicho ni cheo cha juu kabisa. Nikafuta haraka kabla sijajivika kilemba cha ukoka. Nimebaki na "instructor", maana kazi yangu ni stadi: shika kipanya hivi, bofya pale. Wanafunzi wenyewe wananiita ticha.