Mark II yangu: seji tanki na pampu mbili za petroli, Tabora

Septemba

Gari lenyewe ni Toyota Mark II ya umbo la JZX100, yenye injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na tabo moja, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kutoka kiwandani injini hii ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 280, nami nataka kuifikisha takribani 350. Wanaopenda magari ya aina hii wataona kiasi hicho ni cha kawaida, lakini kinatosha kuutoa jasho mfumo wa petroli uliotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini na kurudi nyumbani.

Gari likiwa limenyooka halina tatizo. Tatizo hujitokeza pale ninapotoka kwenye kipilefti na kukanyaga mafuta kabla gari halijamaliza kulalia upande mmoja, hasa tangi likiwa chini ya nusu: petroli yote hukimbilia ukuta wa tangi, mdomo wa pampu ukabaki hewani, na kipimo changu cha mchanganyiko wa hewa na petroli kikaruka kutoka 11.6 hadi zaidi ya 14, yaani petroli ikawa pungufu, kwa muda usiofika hata sekunde mbili. Kwa injini isiyo na tabo, hali hiyo ingeleta kigugumizi tu. Tabo inapokuwa inasukuma hewa, petroli pungufu maana yake ni joto la kupindukia ndani ya silinda, mlipuko usio na mpangilio, na pistoni zilizotoboka.

Dawa yake ni seji tanki, yaani tangi dogo la kati linalofungwa baina ya tangi kuu na injini na ambalo hukaa limejaa wakati wote. Pampu ya tangini hulijaza kwa presha ndogo. Pampu ya pili, yenye presha kubwa, huvuta petroli kutoka chini yake na kuipeleka kwenye reli ya nozeli, bomba linaloigawa petroli kwa nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Pampu ya tangini ikimeza hewa kwenye kona, hewa hiyo hupanda juu ya seji tanki na kurudi tangi kuu, huku pampu ya presha ikiendelea kunywa petroli safi.

Kabla ya kununua chochote nilikaa na kalamu. Injini ya tabo, kwa makadirio ambayo mafundi wa mbio huyatumia, huchoma takribani kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Kwa nguvu 350 ni kama kilo 95, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito unaokaribia kilo 0.74, tunapata lita 128 kwa saa, au lita 2.1 kwa dakika. Seji tanki la lita mbili lingeweza kuilisha injini iliyokanyagwa mpaka mwisho kwa karibu dakika nzima bila kuongezewa hata tone. Hakuna kona ya namna hiyo mkoani Tabora, wala sidhani kama ipo kwingineko.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoniokolea fedha. Wengi huamini kwamba pampu ya tangini lazima ilingane na pampu ya presha, kwa hiyo hununua mbili kubwa. Lakini petroli ambayo nozeli hazikuitumia hupita kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha presha, na kurudi katika seji tanki lenyewe, haiendi tangi kuu. Kinachopungua humo ni kile kilichochomwa na injini peke yake. Pampu ya tangini inatakiwa kuzidi lita 2.1 kwa dakika na kubakiza ziada kidogo, basi. Nilichomoa bomba la kutolea, nikalielekeza kwenye dumu lililowekwa alama, nikaiwasha pampu ya kiwandani kwa dakika moja: lita 3.2. Inabaki hiyo hiyo.

Oktoba

Kwa pampu ya presha nilichagua Bosch 044, ambayo hutajwa kutoa angalau lita 200 kwa saa dhidi ya presha ya bar 5. Iliagizwa kupitia eneo la Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Kwa kuwa bandia za pampu hii zimezagaa duniani kote, nilikubaliana na muuzaji mapema kwamba nitaipima kabla ya kukamilisha malipo, naye hakuwa na kinyongo.

Seji tanki nililitengenezesha hapa hapa mjini kwa bomba la alumini lenye kipenyo cha milimita 100. Mchomeleaji wa alumini mwenye gesi ya agoni hapatikani kila kona, na niliyempata ana masharti yake. Aliniuliza mara mbili kama bomba ni jipya. “Kaka, chombo kilichowahi kushika petroli mimi sikiwekei moto, hata ukikiosha kwa sabuni ya unga kutwa nzima.” Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa ushonaji wake, ingawa nao ulikuwa mzuri, umelala sawasawa kama magamba ya samaki.

Mpangilio wa matundu unastahili maelezo, kwa maana hapo ndipo tangi hugeuka kuwa na faida au kuwa pambo la buti. Tundu la kutolea liko chini kabisa na ni pana kuliko yote, kwa sababu pampu za aina hii husukuma vizuri mno lakini ni dhaifu katika kuvuta. Tundu la kurudishia ziada kwenda tangi kuu liko kwenye kilele, ili hewa itoke kwanza. Matundu mawili ya kuingilia, moja la kutoka pampu ya tangini na moja la kutoka kwenye regyuleta, yako ubavuni karibu na juu, nayo yamechomelewa kwa mshazari ili petroli izunguke ukutani badala ya kumwagika katikati na kutoa povu. Povu likifika kwenye pampu halina tofauti na hewa.

Bomba la kwenda tangi kuu nililiacha pana na bila kona kali. Likibanwa, pampu ya tangini italijaza seji tanki presha, presha hiyo itaegemea mgongo wa regyuleta, na presha ya kwenye reli itapanda bila mtu kujua sababu.

Pampu ya presha imefungwa chini ya usawa wa tundu la kutolea, ili petroli iiteremkie yenyewe. Kabla yake kuna chujio la matundu makubwa, mikroni 100. Lile laini la mikroni 10 liko baada yake. Kuugeuza mpangilio huu ni kuinyonga pampu. Mipira yote ni ya daraja la SAE 30R9, inayohimili petroli na presha ya nozeli. Mpira wa kabureta, hata ukiwa mpya na wa bei nafuu, sikutaka kuuona karibu.

Novemba, mwanzoni

Kazi ya umeme ilichukua muda mrefu kuliko kazi ya petroli. Kwa kuazima waya wa zamani wa buti, volti zilizofika kwenye pampu zilikuwa 11.6 wakati betri ilisoma 13.8, na pampu ya petroli ikipungukiwa volti hupungukiwa pia lita. Nilitandika waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye betri, takribani mita tano, ukapita kwenye fyuzi ya ampea 25 iliyo karibu kabisa na betri, kisha kwenye rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, iliyo ndani ya buti. Sasa pampu inapata volti 13.4. Rilei inaamriwa na ule ule mstari wa kompyuta ya gari unaoendesha pampu ya tangini, kwa hiyo injini ikizimika, iwe kwa ufunguo au kwa ajali, pampu zote mbili hunyamaza. Swichi ya mkononi ingekuwa rahisi zaidi kufunga. Sikuipenda: gari likipinduka, hakuna atakayekumbuka kuizima.

Ukuta wa bati umetenganisha buti na viti vya nyuma, mashimo yote yamezibwa, na chini ya seji tanki kuna sinia lenye bomba la kutolea matone nje ya gari. Kizima moto cha unga kimefungwa karibu na kiti cha dereva, mahali mkono unapofika.

Novemba, mwishoni

Geji ya presha ya reli ilisoma bar 3.0 mpira wa vakyumu, ule unaoiunganisha regyuleta na njia ya hewa ya injini, ukiwa umechomolewa, na 2.4 uliporudishwa injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Tabo ilipofikia bar 0.9, presha ya reli ilipanda hadi 3.9. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa tofauti baina ya reli na njia ya hewa inabaki bar 3 daima. Kwenye kipilefti kile kile, tangi likiwa chini ya nusu, kipimo cha mchanganyiko hakikutikisika kutoka 11.6.

Lililonishughulisha zaidi ni joto. Pampu ya presha inakula takribani ampea 13, yaani wati 175 hivi, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya petroli inayozunguka. Kwa lita mbili zilizofungiwa peke yake, hiyo ni nyuzi zaidi ya 3 kwa kila dakika. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, na petroli huanza kutoa mapovu ya mvuke katika joto la chini zaidi. Ukichanganya na jua la kabla ya mvua kushika sawasawa, foleni fupi tu inatosha kukuletea pampu inayolia kama nyuki.

Kinachozuia hilo ni ile ziada ya pampu ya tangini, ambayo hubeba joto na kulimwaga kwenye tangi kuu. Lakini tangi kuu nalo lazima liwe na petroli ya kutosha kulipokea. Kwa hiyo, ingawa wengi hufunga seji tanki ili watembee na robo bila wasiwasi, mimi nimeamua kutoshuka chini ya nusu wakati wa joto, mpaka nitakapofunga rilei ya pili yenye rezista, ambayo itaipunguzia pampu ya presha volti injini inapokuwa bila mzigo. Toyota yenyewe imetumia mbinu hiyo katika baadhi ya magari yake ya tabo. Rezista ninayo, nasubiri kipande cha alumini cha kuifungia, ili nayo isije ikachoma zulia la buti.