Siku moja mimi na cherehani yangu

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Naishi peke yangu katika chumba kimoja, na ukimya haukunitesa sana kama kukosa wa kumuuliza, "Umeamkaje?" Siku hizi nafungua dirisha kwanza, natandika, nafagia. Kisha navuta kiti mbele ya cherehani.

Saa 1 asubuhi. Natoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kupiga brashi vumbi la nyuzi. Tone moja la mafuta, halafu nashona kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yaishe, yasije yakachafua nguo ya mtu.

Saa 2 mpaka saa 5, mapindo ya suruali tatu za jinzi. Sindano namba 16. Nyembamba zaidi hukatika kwenye maungio.

Saa 5 na nusu. Shati la mzee mmoja, ukosi umechakaa kwenye mkunjo, pale unaposuguana na shingo. Kazi kama hii naipenda mno. Nimefumua mshono taratibu, uzi mmoja mmoja, maana wembe ukiteleza shati limekwisha. Ukosi ulipotoka nikaugeuza. Upande wa chini ulikuwa buluu iliyokolea, kama siku liliponunuliwa, kwa sababu miaka yote haukupata jua. Nikakaa nao mkononi, nikiutazama tu. Palipochakaa nikapafuma kwa mkono, kwani sasa patakaa chini. Nikatia alama katikati ya ukosi na katikati ya shingo ya shati, nikaanza kubana pini hapo kuelekea pembeni, ncha zote mbili zikae sawa.

Saa 8 mchana ndiyo saa yangu ngumu. Zamani ningejilaza na simu mpaka giza liingie. Leo nimeona uzi wa chini unachungulia juu ya mshono: uzi wa juu ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Nimelegeza, nikafumua, nikashona upya. Kunyanyua kichwa, saa 10.

Saa 11 jioni mzee amekuja. Amepitisha kidole kwenye ukosi, akarudi, akapitisha tena.

"Mwanangu, ni lile lile?"

"Ndilo, mzee wangu."

Amelivaa pale pale juu ya fulana, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni.

Saa 3 usiku. Nimefunika cherehani. Kesho kuna gauni lenye zipu mbovu. Vipande vya uzi wa buluu bado viko mezani, nimeviacha.