Kifaa tiba hushindwa kwenye mchoro kabla hakijafika maabara

Wabunifu wengi wa vifaa tiba hukumbuka habari ya cheti baada ya sampuli ya kwanza kuwaka na kufanya kazi. Kufikia hapo mengi yameshaamuliwa: nafasi kati ya njia za shaba kwenye bodi ya saketi, pawa saplai iliyonunuliwa, plastiki itakayogusa ngozi. Maabara hupima kilichochorwa. Kwa hiyo kazi ya cheti huanza siku mnapoandika sentensi ya kueleza kifaa ni cha nini na ni cha nani.

Sentensi hiyo ndiyo inayopanga daraja la kifaa, yaani kiwango chake cha hatari. Chukua kifaa cha kuvaa mkononi kinachohesabu mapigo. Mkiandika kwamba ni cha kufuatilia mazoezi, huenda kisihesabiwe kuwa kifaa tiba kabisa. Mkiandika kwamba kinagundua mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kifaa kilekile kimeingia kwenye udhibiti, pamoja na programu yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745, inayotumika tangu Mei 2021, ina madaraja I, IIa, IIb na III, na programu zinazotoa taarifa za kuamulia matibabu huanzia IIa. Marekani ina madaraja matatu. Vifaa vingi vya daraja la pili huko hupitia njia ya 510(k), ambapo mnaonyesha kwamba kifaa chenu kinalingana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa sokoni. Madai yaliyomo kwenye kipeperushi na tovuti yasizidi yaliyomo kwenye faili la kiufundi la kifaa, kwa kuwa mkaguzi husoma vyote.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kiwango cha IEC 60601-1, cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, hutenganisha kinga ya mtumiaji na kinga ya mgonjwa, na ya mgonjwa ni kali zaidi. Pale umeme wa ukutani wa hadi volti 250 unapotenganishwa na sehemu inayomgusa mgonjwa, kinga mbili za mgonjwa hudai milimita 8 zikipimwa juu ya uso wa bodi, milimita 5 zikipimwa hewani, na kustahimili volti 4000 kwa dakika moja. Pawa saplai ya vifaa vya ofisini kwa kawaida imejengwa kwa masharti mepesi kuliko hayo. Ukiiweka kwenye kifaa cha mgonjwa, hakuna gundi wala karatasi ya kuhami itakayoiokoa kwa urahisi; utachora upya. Kukata mfereji kwenye bodi, wenye upana wa angalau milimita moja, husaidia kurefusha njia ya juu ya uso, lakini ule umbali wa hewani unabaki vilevile. Angalieni pia skrubu ya chuma iliyopita chini ya transfoma. Mara nyingi mchoro wa bodi unatosha, kisha skrubu ya kasha inakula nusu ya nafasi.

Umeme unaovuja nao hukokotolewa mapema, bila kusubiri mashine ya maabara. Mpaka wa mkondo unaompitia mgonjwa kwa sehemu ya aina ya BF, ile inayogusa mwili lakini si ya kuunganishwa na moyo, ni maikroampea 100 katika hali ya kawaida na 500 hitilafu moja ikitokea. Kwa aina ya CF, ile inayoweza kuunganishwa moja kwa moja na moyo, ni 10 na 50. Vipimo hufanywa kwa asilimia 110 ya volti ya juu iliyotajwa kwenye lebo, yaani volti 264 kwa kifaa cha 240. Kwa volti hizo na hezi 50, kapasita ya nanofaradi 4.7 iliyounganishwa kutoka laini hadi kasha hupitisha takriban maikroampea 390 waya wa erthi ukikatika. Kwa CF, pikofaradi 100 tu kati ya pande mbili za transfoma zinatosha kufikisha takriban 8.

Hapo ndipo mvutano unapozuka. Kapasita hizohizo ndizo zinazotuliza mawimbi ya sumakuumeme yanayotoka kwenye kifaa na kuvuruga vingine, na mawimbi nayo yana kiwango chake, IEC 60601-1-2. Fundi akizipunguza ili kukata uvujaji, kifaa kinaanguka kwenye kipimo cha mawimbi. Akizirudisha, kinaanguka kwenye uvujaji. Dawa ni koili nzuri ya kichujio iliyotengewa nafasi kwenye bodi tangu mwanzo. Katika kipimo cha cheche za umeme tuli, kilovolti 8 kwa kugusa na 15 kupitia hewani, sehemu dhaifu ni mishono ya vitufe na matundu ya kuchajia.

Na kabla ya kipimo chochote, andikeni utendaji ambao haupaswi kupotea. Skrini ikizima kwa sekunde mbili halafu ikarudi, je, kifaa kimeshindwa? Jibu linatoka kwenye faili lenu la vihatarishi, linaloongozwa na ISO 14971, kiwango cha kudhibiti hatari za vifaa tiba. Kila kihatarishi kinahitaji kinga, kila kinga sharti la usanifu, kila sharti ushahidi wa kipimo. Mkaguzi huchagua kihatarishi kimoja na kukifuata hadi kwenye ripoti, na mnyororo ukikatika katikati, hata kipimo kilichofaulu hakisaidii.

Kwa vifaa vinavyouzwa vikiwa tasa, yaani bila vijidudu, muda ni adui mkubwa kuliko ufundi. Ili kuonyesha kwamba kifungashio kitadumu ghalani, kinaweza kuzeeshwa haraka kwa joto: kwa nyuzi 55, ukikisia ghala la nyuzi 25 na kasi inayoongezeka mara mbili kila nyuzi 10, mwaka mmoja huwa takriban siku 46. Uzeeshaji wa muda halisi lazima uanze sambamba. Na vipimo vya mwili kuipokea malighafi, vya ISO 10993, vifanywe kwa kifaa kilichokamilika na kutakaswa kwa njia ileile ya kiwandani. Kubadilisha rangi ya plastiki baadaye kunaweza kuwarudisha nyuma.

Mkipeleka sampuli, tumeni zaidi ya moja, kwa sababu vipimo vya hitilafu huharibu. Ambatisheni orodha ya vipuri vya usalama na vyeti vyake, maelekezo ya matumizi, na toleo la programu. Chagueni maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, inayotaja waziwazi kiwango mnachohitaji. Ripoti itahusu toleo lile tu lililopimwa, hivyo msimruhusu mtu kubadilisha programu wakati sampuli iko mezani kwa mpimaji.